Macho Wazi Wakati wa Maombi

Kiboko,
2 Machi 2024

Kwa Kalondu, mtoto wa dada yangu,

Ikiwa unasoma haya, basi sanduku limefika, maana nimeiweka barua juu kabisa ndani yake, na Sauda wa Mwingi ameniahidi kwamba mzigo ukiingia dukani kwake hautoki ila kwa mwenyewe. Usilifungue penye vumbi. Najua hapo Tseikuru ni kama kukwambia usifungue penye hewa, lakini jaribu.

Nimesoma yote uliyoandika kuhusu mama yako Syokau. Tezi ya shingo si ngeni kwetu. Mama yetu aliishi nayo na akazikwa nayo. Lakini kama sasa inambana pumzi, itolewe, na tarehe tisa Aprili si mbali. Na kama daktari amesema mishipa ya sauti inapita nyuma ya hiyo tezi na huenda kisu kikaigusa, basi uko sahihi kabisa. Sauti yake irekodiwe kabla ya siku hiyo. Nyimbo alizozitunga haziko katika kitabu chochote. Ukimwambia mwanakwaya auandike ule wimbo wa mtama, atakuandikia maneno, na maneno si nusu ya wimbo.

Mimi sitakuja. Goti langu la kushoto limekataa safari. Badala yangu nakutumia mixa yangu, mashine ya kuchanganya sauti, ile ndogo ya kuvaa begani, niliyofanya nayo kazi miaka ishirini na miwili na watu wa filamu, watafiti, kwaya na maharusi. Haijawahi kuniangusha. Inaingia maikrofoni tatu, na tatu zinakutosha: moja ya Syokau, moja ya kwaya, moja ya ngoma.

Matundu ya maikrofoni yako kushoto. Kila tundu lina nobu mbili za kuzungusha, ndogo na kubwa. Ndogo ni mlango: inaamua sauti iingie kwa wingi gani. Kubwa ni ya kuongeza na kupunguza wimbo ukiendelea. Ile maikrofoni nyembamba ya fedha ni ya Syokau, na hiyo inakula umeme, kwa hivyo swichi iliyoandikwa 48 lazima iwashwe, la sivyo itakuwa bubu. Hizo mbili nene hazitaki umeme, usiwashe swichi zake. Kulia kuna waya unaokwenda kwenye rekoda. Betri ni mpya. Zitoe ukimaliza kazi, zisije zikavuja ndani.

Funga nyaya zote na uzifungue mara kumi kabla ya kuita mtu yeyote. Halafu niandikie.

Mjomba wako,
Mwau Kyule


Tseikuru,
9 Machi 2024

Mjomba,

Nakusalimu kwa salamu nyingi kuliko mbuzi wa siku ya soko. Sanduku limefika. Nilitia leso mbili chini ya mlango nikalifungulia juu ya meza yangu ya kukatia nguo, kwa hivyo vumbi lililoingia ni la kwako wewe, la Kiboko.

Sitakudanganya, siku ya kwanza niliaibika. Niliunganisha ile maikrofoni ya fedha, nikavaa hedifoni, nikasema "halo, halo", kimya. Nikaimba. Kimya. Nikapiga ukelele mpaka jirani akaja mbio kuuliza ni nani amefariki. Ndipo nikairudia barua yako na kuiona ile 48. Niliwasha, na Mjomba, nilisikia sindano ikianguka kwenye kitambaa! Tangu hapo tumeelewana. Nobu zako ni kama kile kikaza uzi cha cherehani: ukikaza sana uzi unakatika, ukilegeza mshono unavimba. Kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na minne, sitashindwa na nobu sita.

Kulikuwa na muungurumo mwembamba pia, nikagundua unakuja rekoda ikiwa kwenye chaji. Nikaitoa kwenye umeme nikatumia betri, ukaisha. Hilo nimeligundua peke yangu, naomba liandikwe.

Sasa hebu tuongee. Ni goti gani hilo? Desemba tulipomzika ndugu yenu Kitonga ulitembea mpaka kaburini na kurudi, uko mbele ya vijana. Nimekupigia simu mara nne. Inaita tu. Mwaitu, mama yangu, alikuwa ameketi hapa akishona vifungo, akaniuliza, "Kwani huyu Mwau ako na shida gani na mimi? Nilimkosea wapi? Si angekuja tu anione kabla nipasuliwe." Mama yangu hana ndugu mwingine aliye hai, na wewe unajua hilo kuliko mimi.

Niambie hatua inayofuata. Na uniambie kama umekasirika.

Kalondu


Kiboko,
14 Machi 2024

Kalondu,

Kuhusu muungurumo, nimeandika: Kalondu aligundua peke yake.

Sijakasirika na mtu. Mwambie Syokau hivyo hivyo. Simu yangu ni ya kupokea habari za vifo tu. Mambo ya kazi ni ya barua, kwa sababu barua inasomwa mara mbili, na wewe mwenyewe umeona faida yake.

Hatua inayofuata ni kupima. Kwenye mixa kuna kitufe chekundu kinachotoa mlio mmoja mrefu. Ukibonyeza, safu ya taa itapanda mpaka penye sifuri itulie. Sasa zungusha nobu ya rekoda, si ya mixa, mpaka rekoda ionyeshe ishirini chini ya sifuri. Hapo vifaa viwili vinaongea lugha moja, na kuanzia hapo unaangalia taa za mixa tu.

Kisha weka nobu kubwa penye alama ya katikati. Mwambie Syokau aimbe ubeti anaoupaza kuliko zote, si ule wa kunong'ona. Fungua nobu ndogo polepole mpaka taa za kijani ziwake zote na ya manjano ianze kupepesa. Nyekundu isiwake hata mara moja. Hapo acha. Wimbo ukianza, nobu ndogo isiguswe. Ukitaka kuongeza, ongeza kwa kubwa. Kuna swichi ya kuzuia sauti isivuke mpaka. Iwashe, lakini usiitegemee, maana iko mwisho wa njia. Sauti ikipasukia mlangoni haina la kuokoa.

Washa pia swichi ya kukata ngurumo, upepo wa huko naujua. Maikrofoni ya Syokau iwe shubiri mbili kutoka mdomoni, kidogo upande, isipokee pumzi. Tundika leso na blanketi ukutani nyuma yake. Maliza kabla ya saa nne asubuhi, kwa sababu jua likipanda mabati ya kanisa huanza kulia ta, ta, ta. Na umwombe mwenye kinu cha kusaga unga azime injini kwa saa moja. Mpelekee chai.

Jambo moja zaidi. Usiniandikie imesikika vipi. Masikio hudanganya, hasa ya mtu anayempenda anayeimba. Niandikie taa zimefika wapi.

Mwau


Tseikuru,
25 Machi 2024

Mjomba Mwau,

Taa zilifika kwenye nyekundu na zikakaa huko ubeti mzima na nusu. Umeuliza taa, nimekupa taa.

Jana Jumapili nilifanya kila ulichosema. Nilipima mlio, nikatundika leso saba, mwenye kinu akazima na kunywa chai yangu yote. Mwaitu akapaza ubeti wake, manjano ikapepesa vizuri, nikaacha. Kanisa zima lilikuwa linanitazama na nilijiona fundi.

Ila Mwaitu haimbi kabla ya kuomba, na nilitaka maombi yake yaingie pia. Akaanza kuomba, na unajua anavyoomba, kama mtu anayezungumza na jirani juu ya ua. Taa moja tu ya kijani. Nobu kubwa nikaipeleka mpaka mwisho, haikutosha. Nikaigusa ndogo. Ndiyo, niligusa, usinipigie kelele, najua. Nikafungua mpaka taa zikapanda. Kisha nikatoa hedifoni, kwa sababu niliona ni utovu wa heshima kusema na Mungu nimeziba masikio. Na nikafunga macho.

Mjomba, mimi nimefunga macho kwa maombi ya mama yangu tangu nikiwa mgongoni mwake. Hayangoji nifikirie. Na kwaya yetu haipumziki kati ya amina na wimbo, amina yenyewe ndiyo noti ya kwanza. Mwaitu akasema amina akapaa, kwaya ikapaa naye, na mimi, kwa kuwa naimba sauti ya pili, nikapaa nao, macho yamefungwa, mikono juu. Nilipofungua macho tulikuwa katikati ya ubeti wa pili na mixa nyekundu kama jicho la mgonjwa.

Hakuna la kuokoa. Imepasuka yote, kama bati linaloburutwa. Na Mwaitu hakuweza kurudia. Alikaa kwenye benchi akitafuta pumzi karibu nusu saa.

Hayo ni makosa yangu na nayabeba. Lakini lako nalo ulibebe. Jana jioni niliipiga simu yako mpaka mkeo, Bi Ndila, akaichukua. Nikamwomba akupe. Nikaiweka simu kwenye spika nikakuchezea hiyo rekodi, dakika nzima, nilitaka uniambie kama kuna namna ya kuitengeneza. Na wewe ukasema, "Nzuri. Nzuri sana. Endelea hivyo hivyo. Haya, salimia Syokau."

Nzuri! Punda wa jirani alikimbia, Mjomba. Mwaitu alikuwa ameketi kando yangu. Alisikia sauti yake imeharibika vile, akasikia ndugu yake akiisifu. Alikwenda kulala bila kula.

Kama hutujali, sema. Nitakurudishia sanduku lako na Mwaitu aende hospitali akijua. Afadhali ukali wako kuliko hiyo "nzuri sana".

Kalondu


Kiboko,
28 Machi 2024

Mwanangu Kalondu,

Hii barua nimeiandika jikoni. Mjomba wako hajui. Amekwenda shambani, na kabla ya kwenda aliisoma barua yako mara tatu, akaiweka chini ya sahani, akaacha chakula.

Mjomba wako hasikii.

Si kwamba hasikii vizuri. Hasikii. Ilianza na mluzi kichwani miaka minne iliyopita, halafu sikio la kushoto likafa, na tangu Agosti la kulia nalo likaenda. Tulikwenda kwa daktari, akasema mishipa imechoka. Alipewa vifaa vya kuvaa, akasikia ngurumo tu, akavivua. Sasa tunaongea kwa daftari, liko mezani na kalamu imefungwa kwa uzi. Midomo anaisoma kidogo, ya mtu anayemjua.

Mwezi wa Septemba alikwenda kufanya kazi ya harusi hapa karibu. Nilikuwa huko. Spika zilipiga mluzi, watu wakaziba masikio, na yeye amesimama kwenye mixa anatabasamu, anaangalia bibi harusi. Mtoto ndiye aliyekwenda kumvuta shati. Tuliporudi aliweka hilo sanduku chini ya kitanda na hakulitoa mpaka uliposema habari za Syokau.

Ile simu ya Jumapili nilimpa mimi, kwa sababu ulisisitiza na mimi sikujua la kusema. Nilimwandikia: Kalondu anakuchezea wimbo. Akashika simu sikioni kwa muda, halafu akasema maneno uliyoyasikia. Alifikiri ndiyo maneno ambayo mtu angetaka.

Hataki Syokau ajue kabla ya kupasuliwa. Anasema mgonjwa asiongezewe mzigo. Na tena anaona haya, mwanangu. Fundi wa sauti. Anaogopa kwamba akija ataiharibu sauti ya dada yake mbele ya watu, na hiyo hairudiwi.

Mimi nimechoka kunyamaza. Fanya unavyoona.

Ndila


Tseikuru,
31 Machi 2024

Mjomba,

Naomba radhi kwa ukali wa barua iliyopita. Sirudishi sanduku. Nimeifuta ile rekodi na nimesafisha nyaya.

Nakuandikia kwa sababu ya kazi. Nimeongea na kwaya na wamekubali Jumamosi tarehe sita, saa mbili asubuhi. Jumatatu tunampeleka Mwaitu Kitui, Jumanne ndiyo siku yenyewe. Kwa pumzi alizo nazo ataimba wimbo wa mtama mara moja tu, kwa hivyo nafasi ni hiyo moja, na nimeufikiria sana mpango wake.

Mixa yako haitaki mtu mmoja. Inataka wawili. Mmoja wa hedifoni, na huyo ni mimi. Masikio yangu ni mazima na sasa najua punda, kinu na mabati. Mwingine wa taa. Mwaitu hataacha kuomba kabla ya kuimba, na mimi siwezi kukuahidi macho yangu. Nimejaribu nyumbani. Akianza tu kusema "Baba", yanafunga. Kwaya nzima ni hivyo hivyo, na mchungaji, na mwenye kinu. Hapa kwetu hakuna mtu hata mmoja anayeweza kukaa macho wazi mama yangu akiomba.

Nahitaji mtu asiyeondoa macho kwenye taa, na mkono wake uwe kwenye nobu, na asiyeamini masikio. Namjua mmoja tu. Uliniandikia mwenyewe kwamba masikio hudanganya.

Goti lako tutalitafutia kiti. Sauda amesema ukifika Mwingi Ijumaa jioni utalala kwao na asubuhi mumewe Hamisi atakuleta kwa gari la mizigo.

Njoo, Mjomba. Sikuombi kwa huruma. Nakuita kazini.

Kalondu


Kiboko,
3 Aprili 2024

Kalondu,

Nimepata barua yako. Nitakuwa Mwingi Ijumaa.

Lakini fundi hapewi kazi kabla hajasema kifaa chake kina kasoro gani. Mimi ni kiziwi. Masikio yote mawili, tangu Agosti. Nilipokwambia rekodi yako ni nzuri sana sikuwa nimesikia hata mkwaruzo. Nilidanganya, na nikamdanganya Syokau pia, na hilo ndilo linaloniuma. Goti ni zima.

Nashuku kwamba unajua tayari, kwa sababu Ndila ananitazama kama mtu aliyeficha sukari. Haidhuru. Nilitaka ulisikie kwangu.

Sasa utaratibu wangu, na huo ndio tutakaoufuata. Nobu ndogo utaipanga wewe nikiona, kisha nitabandika utepe juu yake asiiguse mtu. Maombi yataingia hafifu, yaache yawe hafifu. Mungu hakuhitaji mixa na mtu atakayecheza rekodi anaweza kuongeza mwenyewe. Mimi nitashika nobu kubwa. Nikifunika mdomo wako kwa kiganja maana yake ni kwamba umesahau na umeanza kuimba. Kofia yangu sitaivua ndani ya kanisa mpaka tumalize, maana inanikinga macho na mwanga wa dirisha nizione taa, niombee msamaha kwa mzee wenu wa kanisa.

Usimwambie Syokau kuhusu masikio. Nitamwambia mwenyewe akishapona.

Mwau


Tseikuru,
27 Aprili 2024

Kwa Mwau, ndugu yangu mkaidi,

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe kwa sababu daktari amenikataza kuongea wiki sita, na Kalondu ananilinda kama askari jela. Nikifungua mdomo kumwambia ndoo imejaa, ananipa kalamu. Anasema hatimaye nimepata mtu wa kupiga naye gumzo: mmoja hasikii, mwingine hasemi.

Ndiyo, nilijua kuhusu masikio yako kabla ya mtu yeyote kuniambia. Dalili niliiona Desemba, kwenye mazishi ya Kitonga. Nilikuita mara tatu nikiwa hatua mbili nyuma yako, kwa jina lako la utotoni ambalo hujawahi kuliitika polepole, na hukugeuka. Nilifikiri umekasirika. Nikakaa na hilo mpaka Machi, nikilichungulia, nikiuliza nimekukosea wapi. Kisha ukasema "nzuri sana" kwenye simu. Wewe, Mwau, uliyenikatisha wimbo mbele ya wageni nikiwa na miaka kumi na miwili kwa sababu nimepanda nusu noti. Usiku huo sikula, Kalondu anadhani ni kwa hasira. Sikula kwa sababu ndipo nilipoelewa. Ungekuwa unasikia usingesema ni nzuri.

Kwa hivyo siku ile ya Jumamosi nilijua namwimbia nani. Nilimwambia Kalondu asogeze maikrofoni kando kidogo, akadhani ni kwa ajili ya pumzi. Ilikuwa ili uuone mdomo wangu.

Nami nataka kukuungamia jambo. Wakati wa maombi nilifungua macho. Miaka sitini sijawahi, lakini nilifungua. Kanisa zima limeinamisha vichwa, na wewe peke yako uko wima na kofia yako, jicho moja kwenye taa na jingine kwangu, vidole kwenye nobu. Nilikuwa sijasema amina bado. Nilivuta pumzi tu, mabega yakapanda, na nikaona mkono wako ukishuka kabla sijatoa sauti. Mwau, hata ulipokuwa unasikia hujawahi kuniwahi namna hiyo. Nikaimba nikiwa nimetulia kama niko jikoni.

Upasuaji ulikwenda sawa. Tezi wamenionyesha, ni kubwa kama viazi viwili. Kuhusu sauti, hawajui. Daktari aliniambia niseme "aaa" na kilichotoka ni mlango unaotaka mafuta. Amesema huenda ikarudi ya kuongea. Ya kuimba hakuitaja, na mimi sikuuliza. Nililia siku moja, Jumatano, nikamaliza. Kalondu anaicheza ile rekodi akishona, na wateja wanakaa zaidi ya muda wao. Kila kitu kimo, hata ngoma, hata mtoto wa Muthoki wa kwaya aliyepiga chafya.

Lakini kuna kitu kinanisumbua. Kila mtu anao wimbo wangu sasa isipokuwa wewe uliyeukamata. Wewe ulipata nini siku ile? Au tulikuimbia taa tu?

Dada yako,
Syokau


Kiboko,
4 Mei 2024

Syokau,

Barua yako nilimpa Ndila aisome, akacheka mpaka akaandika kwenye daftari: *wote wawili mlijua na wote wawili mkanyamaza, nyinyi ni watu gani?*

Umeniuliza nilipata nini. Kalondu alinitumia nakala kwenye memori kadi, na mixa amenirudishia kwa muda ili nibadilishe waya mmoja uliolegea. Kwa hivyo nimeunganisha rekoda kwenye mixa hapa mezani, nikaondoa hedifoni kwa sababu hazina kazi, na nimeucheza wimbo wako mara tisa. Mvua ya huku imekata barabara, sina pa kwenda.

Mwanzoni kuna taa moja ya kijani inayocheza chini kabisa. Huyo ni wewe unaomba. Inasimama, inazima kabisa kwa muda mfupi, hapo ndipo mabega yako yalipopanda. Halafu zinapanda zote kwa pamoja, na manjano inapepesa kila unapofika mwisho wa mstari, kwa sababu mwisho wa mstari umekuwa ukiusukuma tangu tukichunga mbuzi. Ngoma ni fupi fupi. Ubeti wa pili kuna nukta moja peke yake, imeruka, hiyo sasa umeniambia ni chafya.

Ubeti wa tatu, pale unapotaja ghala kujaa, taa zinashuka. Zinashuka mpaka inabaki moja, na hiyo moja inatetemeka, kama inayotaka kuzima. Nilifikiri betri. Nikabadilisha betri. Ikashuka tena palepale. Ndipo nikakumbuka. Hapo ndipo pumzi inapokuishia. Kila wimbo wako una mahali hapo, ubeti wa tatu, kwa sababu hutaki kuvuta pumzi mapema, na mama alikuwa anakwambia kutoka mlangoni, vuta sasa, Syokau, vuta sasa, na hukumsikia hata siku moja.

Nimeucheza mara tisa na mara zote tisa hukumsikia. Kalondu angeweza kunitumia rekodi za wanawake mia moja bila majina, ningekuchagua wewe kwa hiyo taa moja.

Kwa hivyo usiseme sina. Ninao.

Wiki sita ni sita. Usimnong'onezee mtu, kunong'ona ni kubaya zaidi kuliko kuongea. Na mixa nairudisha kwa Kalondu na gari la Jumanne, moja kwa moja, ni yake sasa. Mwambie amenifurahisha, na kwamba utepe nilioubandika kwenye nobu ndogo bado upo. Kwa wimbo ujao aubandue na apange upya, hata kama sauti itakuwa ya mtu mwingine. Kama itakuwa yako, anipigie. Ndila atanifahamisha, nami nitakuja kuangalia.

Ndugu yako,
Mwau